Mwambie

Neno lako la kwanza kila asubuhi lilikuwa hilo:
mwambie.
Mwambie mwenye nyumba. Mwambie nesi. Mwambie huyu mtoto wa watu
asinikanyagie vitenge kwa viatu vya tope.
Nami nilikuwa na miaka tisa, mdomo mmoja wa watu wawili,
nimesimama Nsambya kati yako na kila mtu mzima.

Uliposema, "Mwambie kuna mtu anatwanga sombe
hapa, chini ya ziwa la kushoto,
anaanza saa nane za usiku, na mchi wake una moto,"
nilimwambia nesi: kifua kinamuuma.
Akakupa Panadol.
Uliposema, "Mwambie nilikuwa na nyumba Butembo,
milango sita, nikaiacha na sufuria jikoni inachemka,
sikuzaliwa mdaiwa,"
nilimwambia mwenye nyumba: Ijumaa.

Sikuwa na maneno, mama. Au nilikuwa nayo
nikaona haya kuyabeba, mazito namna ile,
mbele ya watu wenye haraka.

Shuleni walisema Kiswahili ni cha wanajeshi
na wezi wa usiku. Nikajifunza kucheka
kabla hawajacheka. Jina Kasereka nikalikata mkia,
nikalishonea mwingine: Kasule.
Mwalimu akaandika Kasule. Hakuna aliyeuliza.
Siku ulipoitwa kwa ajili ya utoro wangu
ulikuja na mayai kumi na mawili ndani ya kitambaa.
Mwalimu akasema, "Huyu atapotea."
Nikakutafsiria: anasema nina bidii.
Ukampigia magoti. Ukampa mayai.
Moja lilikuwa na ufa. Ufa ule naukumbuka,
uso wako siukumbuki.

Halafu ile Jumamosi ya Owino.
Nilikuletea chenji, nikakusikia kabla sijakuona:
unabishana kwa Kiganda. Si kile cha kuombea maji,
Kiganda chenye methali, chenye matusi ya kiungwana,
hadi mteja akacheka, akaongeza elfu mbili.
Nilisimama nyuma ya marobota ya mitumba
nikihesabu miaka kwa vidole,
nikirudi nyuma, nikirudi, mpaka kwenye mayai.
Jumatatu, kwenye ofisi ya wakimbizi, ukanifinya kiwiko:
mwambie.
Nikamwambia.

Hatukulizungumza. Nilihamia Ntinda, nikaoa,
wanangu wanakuita jjajja
na hawajui neno hata moja la nyumba ya milango sita.
Kila mwezi natuma pesa kwa simu.
Kila mwezi unapiga: "Zimefika." Unakata.
Ukiugua tu ndipo unaniita,
maana, unasema, hospitali hawakusikii.
Na mimi huja. Tunajua wote wawili, na tunakwenda,
na kutoka getini hadi dirisha la kadi
unanishika mkono, unanisemesha kwa lugha yetu
bila kupumua, kama mtu anayemaliza chakula
kabla hakijapoa.

Leo, Mengo, daktari ni binti mdogo,
anaandika bila kuinua kichwa.
Ana watoto wangapi?
Ulimtazama yeye. Ukangoja nikutafsirie
swali ulilokwisha kulisikia.
"Mwambie wawili.
Kasereka, niliyevuka naye Mpondwe mgongoni,
sijamwona siku nyingi.
Na huyu hapa, Kasule. Ananitafsiria vizuri,
ila anapunguza."

Kalamu ilingoja.
Nilianza na jina la kwanza. Ulimi haukulizoea.
Nikaenda neno kwa neno: mgongo, siku nyingi, vizuri, ila,
nawe unatikisa kichwa kidogo kila ninapofika,
kama mwalimu anayesahihisha imla.
Daktari akaandika: 2.
Kisha akauliza maumivu yako wapi.